Miaha: Grace Ogot na Lugha Zake Mbili

(Hotuba kwa walimu wa fasihi na wapenzi wa vitabu, Kisumu)

Walimu wenzangu, wazazi wangu mlioketi huku mbele, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo nyote. Asanteni kwa kunikaribisha.

Nilipofika nyumbani kwa mume wangu mara ya kwanza, sikuwa na jina. Boma zima lilinijua kwa neno moja: miaha. Miaha ameamka? Mpeni miaha maji. Miaha asishike hiyo sufuria, ina moto. Mimi ni Mtaita, na wakati huo Dholuo, lugha ya Wajaluo, sikuijua hata salamu, kwa hiyo nilidhani ni jina wamenipa, kama vile watu wanavyompa mgeni jina la kumwonea raha. Wiki ya pili ndipo mama mkwe wangu alipoketi nami jikoni akanieleza. Miaha ni mke aliyeolewa juzi, ambaye nyumba bado inamtazama na yeye bado anaitazama nyumba. Hajui mlango upi unapitwa na nani, hajui nani anakula na nani, kila mtu anamfundisha na kila mtu anamchunguza. Nikamuuliza nitaitwa hivyo mpaka lini. Akacheka, akaniambia, "Tulia, Nyar Taita. Neno hilo halikai. Ukishazaa, linaondoka lenyewe."

Miaka ikapita. Siku moja natafuta kiberiti kwenye rafu yake, mkono wangu ukagusa kitabu. Jalada limekunjika pembe, kurasa zimeshika moshi wa jikoni. Nikasoma jina la kitabu: Miaha. Nikasoma jina la mwandishi: Grace Ogot.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimesomesha hadithi za Grace Ogot darasani kwa miaka. Nilikuwa nimesahihisha insha kumhusu mpaka wino ukaisha. Nilijua mwaka aliozaliwa na vitabu vyake vya Kiingereza kwa mpangilio. Na hapo nimesimama mbele ya kitabu chake ambacho siwezi kusoma hata sentensi moja, wakati mama mkwe wangu, aliyeishia darasa la nne, amekisoma mara nne.

Ndiyo sababu nimekuja na neno moja jioni hii. Tumezoea kuyasimulia maisha ya mama huyu kama maisha ya mwandishi wa Kiingereza ambaye mwishoni, kazi kubwa ikishaisha, alitunga vitabu vichache kwa lugha ya nyumbani. Nadhani tumemshika ng'ombe mkia tukasema tumempata kichwa. Vile vitabu vya Dholuo ndipo alipokuwa akielekea tangu mwanzo.

Alizaliwa Asembo, Mei 1930. Baba yake alikuwa miongoni mwa wanaume wa kwanza wa pale kupata elimu ya shule, Mkristo wa Kianglikana, akafundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya. Baba ndiye aliyemsimulia binti yake visa vya Agano la Kale. Bibi yake, kwa upande mwingine, alimpa ngano za jadi. Hebu mfikirieni mtoto huyo. Mchana anasikia habari ya Ibrahimu anayemfunga mwanawe kwa kamba na kuinua kisu. Usiku anasikia habari ya chifu anayetakiwa kumtoa binti yake kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Watu wazima watamwambia kwamba hadithi moja ni ya Mungu na nyingine ni ya washenzi. Mtoto haoni hivyo. Mtoto anamwona baba anayelia na mtoto asiyejua anakopelekwa. Mimi naamini Grace Ogot hakuacha kuona hivyo hata alipokuwa mtu mzima.

Alisoma Ng'iya, kisha Butere. Mwaka 1949 akaenda Uganda kusomea uuguzi, na baadaye akaenda Uingereza kusomea ukunga. Alirudi akafanya kazi katika hospitali ya Maseno. Sehemu hii ya maisha yake wahakiki huipita haraka sana, mstari mmoja, "alikuwa muuguzi," halafu wanaruka hadi kwenye vitabu. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo.

Yeyote aliyewahi kulazwa katika wodi zetu anajua kwamba muuguzi ndiye daraja. Daktari anauliza kwa Kiingereza, mgonjwa anajibu kwa lugha ya mamake, na katikati yuko dada mmoja aliyevaa nguo nyeupe ambaye lazima ayabebe maumivu ya mtu kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuyamwaga njiani. Mama anasema tumbo lake linatembea. Huwezi kuandika hivyo kwenye kadi ya hospitali. Lakini ukiandika tu kwamba ana maumivu ya tumbo, umepoteza kitu ambacho mama yule alikuwa anakwambia. Aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka hujifunza jambo ambalo hakuna darasa la uandishi linalolifundisha, kwamba kila lugha ina kitu inachoweza kukishika na kitu kinachoiponyoka vidoleni.

Na hospitali iliingia katika hadithi zake. Iko moja, The Old White Witch, inayohusu wauguzi wa Kiafrika katika hospitali ya misheni wanaoamriwa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Wanakataa. Kwao huo ni mwiko, na msichana atakayejulikana kwa kazi hiyo nani atamwoa? Anayewaongoza ni Monica Adhiambo. Matroni Mzungu haelewi, maana kwake kazi ni kazi. Wasichana wanagoma na kuondoka. Kisha Monica anaugua, na anarudishwa hospitali ileile akiwa mgonjwa, mikononi mwa matroni yuleyule. Mwandishi hamhukumu yeyote. Ukisoma haraka utasema ni hadithi ya Wazungu na Waafrika. Ukisoma polepole utaona ni hadithi ya watu wawili wanaotumia neno moja, neno "kazi," na kila mmoja ana maana yake. Hilo aliliona wodini.

Katika miaka ya 1950 akiwa London alifanya kazi pia katika redio, katika idhaa ya BBC iliyotangazia Afrika Mashariki, akiandika na kutangaza. Mtangazaji huandikia sikio. Sentensi yake ikirefuka, msikilizaji amekwisha kwenda kuangalia chungu. Na aliporudi Kenya aliendelea kutangaza kwa Dholuo. Mwaka 1959 aliolewa na Bethwell Allan Ogot, mwanahistoria, ambaye wengi wenu mnamjua kama mtu aliyeuonyesha ulimwengu kwamba masimulizi ya mdomo ya Wajaluo ni chanzo cha historia sawasawa na karatasi za serikali. Mzee huyo ametuacha mwaka 2025. Nyumba moja, watu wawili, kazi moja: mmoja akiwasikiliza wazee ili kupata historia, mwenzake akiwasikiliza ili kupata hadithi.

Sasa tufike Makerere, Juni 1962.

Ule mkutano wa waandishi mmeusoma vitabuni. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Ngugi alikuwepo akiwa bado mwanafunzi. Grace Ogot alikuwepo pia, na alisoma hadithi yake. Aliondoka na uchungu fulani, kwa kuwa aliona jinsi kazi za watu wa Afrika Mashariki zilivyokosekana, akaazimia kuchapisha. Lakini liko jambo jingine kuhusu mkutano ule ambalo kila mtu anayekipenda Kiswahili anapaswa kulikumbuka. Ulikuwa mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi kuliko karibu wote waliokaa katika ukumbi ule, hakuwa na nafasi pale, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo, Juni 1962, Shaaban Robert alifariki.

Ngugi alikuja kuliandika jambo hilo kwa ukali, na alifanya vyema. Ninalowaza mimi ni huyu mama wa miaka 32, muuguzi na mtangazaji, aliyebeba hadithi aliyoisikia kwa Dholuo na kuiandika kwa Kiingereza ili apate kiti ukumbini. Alikipata kiti. Mwaka 1963 hadithi ile ilichapishwa Nigeria katika jarida la Black Orpheus kwa jina A Year of Sacrifice. Mwaka uliofuata, Ward Nine ikatoka katika Transition, jarida la Kampala. Mwaka 1966 East African Publishing House ikatoa riwaya yake, The Promised Land, kuhusu Ochola na mkewe Nyapol wanaohama Nyanza kutafuta ardhi Tanganyika, na jirani mwenye wivu anayemroga Ochola mpaka mwili unamwota miiba. Mwaka 1968 ukatoka mkusanyo wa hadithi fupi, Land Without Thunder, na ile hadithi ya Makerere imo ndani, ila jina limebadilika. Sasa inaitwa The Rain Came. Mvua Ilikuja.

Haikuwa njia ya mteremko. Alipozipeleka hadithi zake kwa wachapishaji mara za kwanza, walishtuka. Hawakuelewa mwanamke Mkristo, muuguzi aliyesomea Uingereza, anaandikaje habari za kafara na waganga. Walitaka achague upande. Hakuchagua.

Nataka tuifungue hadithi hiyo ya mvua, kwa kuwa ndani yake nilijifunza jinsi nilivyokuwa kipofu.

Chifu Labong'o ana watoto wengi wa kiume na binti mmoja tu, Oganda. Ukame umekausha nchi. Mganga, Ndithi, anasema Oganda lazima atolewe kwa zimwi la ziwani. Chifu anaiita familia. Na hapa ndipo pananivunja moyo kila ninaposoma: Oganda anawaona wakubwa wamekusanyika wakizungumza kwa siri, na anadhani wanazungumzia uchumba wake. Anatabasamu peke yake. Anawapitisha wachumba mmoja mmoja akilini. Sisi wasomaji tunajua, yeye hajui.

Nimefundisha hadithi hiyo labda mara kumi. Kila mara niliandika ubaoni: dhamira, wahusika, mbinu. Jina Oganda lilikuwa jina tu, kama Mary au Halima. Siku moja nilimsimulia mama mkwe wangu. Nilipotaja jina la msichana akaninyamazisha kwa mkono.

"Oganda?"

"Ndiyo, mama, Oganda."

"Oganda ni maharagwe," akasema. Nikaitikia. Akaendelea kuchambua mboga, kisha akasema polepole, "Na oganda ni watu. Oganda Luo, umma wa Wajaluo. Wote."

Niliacha kisu. Msichana anayeuawa kwa ajili ya umma anaitwa Umma. Sijui kama mwandishi alikusudia hivyo, na sitaki kumwekea maneno mdomoni. Lakini aliyelelewa katika lugha hiyo haliandiki jina hilo bila kulisikia. Msomaji wa Kiingereza analiona kwa macho tu, linampita. Kwa msomaji wa Dholuo linagonga mlango kila linapotokea. Yaani ndani ya hadithi ya Kiingereza, iliyosomwa katika mkutano wa Kiingereza, ilikuwemo hadithi ya Dholuo imelala, na mimi niliyekuwa nalipwa mshahara kuifundisha sikuwa na masikio ya kuisikia.

Tuendelee kidogo. Oganda anakwenda ziwani. Osinda, kijana anayempenda, anamfuata na kumfikia, na amekuja na mavazi mawili ya majani aliyoyasuka kwa mmea uitwao bwombwe. Anamfunika mwili wote isipokuwa macho, ili mababu wasiwaone na zimwi lisiwadhuru. Wanakimbia. Na mvua inakuja, kubwa, ya radi. Kafara haikutolewa na mvua imenyesha. Mwandishi haelezi. Amewaweka vijana wawili ndani ya majani, amefungua mbingu, ameondoka.

Majani hayohayo yanarudi katika hadithi nyingine ya mkusanyo uleule, The Green Leaves. Wanakijiji wamempiga mwizi usiku mpaka wanadhani amekufa, wamemfunika kwa majani mabichi hadi asubuhi. Nyagar anarudi peke yake gizani. Anajua yule mtu ana pesa. Anainama kufunua majani. Mwizi hajafa. Asubuhi watu wanakuja pamoja na maofisa, wanafunua majani, wanamkuta Nyagar. Mkewe, Nyamundhe, analia juu ya mwili ambao jana usiku ulikuwa umelala kitandani kwake. Majani yaleyale yanayomwokoa Oganda, hapa yanamficha mwizi aliye hai na kisha jirani aliyekufa. Nawaomba walimu muwape wanafunzi hadithi hizo mbili siku moja, zifuatane. Wataona mambo ambayo mimi sitawaambia.

Wako wahakiki waliosema Kiingereza chake ni chepesi mno, sentensi fupi, hakina mapambo. Nimelifikiri sana hilo. Kuna mahali nakubaliana nao: katika The Graduate, kitabu chake cha 1980 kuhusu mwanamke aliyekuwa waziri, wahusika mara nyingine wanahutubia badala ya kuzungumza, na mimi kama msomaji nilichoka. Lakini katika hadithi fupi, wepesi ule ni wa mtu anayesimulia kwa sauti. Soma The Rain Came kwa macho, utasema ni rahisi. Mwambie mtu mwenye sauti nzuri akusomee, na uone kama utainuka kwenye kiti.

Aliendelea kuandika hadithi fupi kwa Kiingereza: The Other Woman mwaka 1976, The Island of Tears mwaka 1980. Ya mwisho hii imebeba maziko ya Tom Mboya katika kisiwa cha Rusinga, mwaka 1969, na nyinyi wa hapa Nyanza hamna haja ya mimi kuwaeleza kilio kile. Katika miaka hiyo alikuwa pia mfanyabiashara Nairobi, alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha waandishi wa Kenya, na mwaka 1975 alikwenda Umoja wa Mataifa katika ujumbe wa nchi.

Kisha mwaka 1981 akatoa Ber Wat.

Maneno mawili mafupi. Ber ni wema, uzuri, faida. Wat ni undugu, ujamaa wa damu. Ukitaka kuyatia katika Kiswahili utahangaika kama nilivyohangaika mimi: Undugu ni Mwema? Uzuri wa Ujamaa? La kwanza linasikika kama bango la ukutani na la pili linanipeleka Arusha, 1967. Kwa Dholuo ni jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulisema akiwa amekaa mlangoni, jioni, watoto wa ndugu wakipita. Mwaka huohuo kikatoka Aloo kod Apul-Apul. Mwaka 1983, Miaha.

Fikirini alikuwa nani kufikia mwaka huo. Jina lake lilikuwa linajulikana Ibadan, London na New York. Riwaya yake ya 1966 ilikuwa kati ya riwaya za kwanza za Kiingereza zilizoandikwa na mwanamke wa Afrika. Mtu wa hadhi hiyo akiandika kwa lugha ambayo maduka mengi ya vitabu Nairobi hayaiweki hata rafuni, anajua anachokiacha. Anaacha wahakiki, anaacha tuzo, anaacha mitihani ya shule. Anachokipata ni mama mkwe wangu. Na mama mkwe wangu alinunua kitabu hicho kwa pesa za kuku.

Ngugi alipoamua kuandika kwa Gikuyu dunia nzima ilijua, kwa sababu alilipa bei kubwa na alilitangaza kwa sauti kubwa, na heshima hiyo ni haki yake. Grace Ogot hakutangaza. Alichapisha tu. Ndiyo maana tumesahau. Hapa Kisumu hakuwa peke yake: Asenath Bole Odaga naye aliandika kwa Dholuo na Kiingereza, na alianzisha nyumba ya uchapishaji papa hapa. Mji huu una deni kwa mama hao wawili.

Sitaficha upande mwingine. Mwaka 1983 Rais Moi alimteua Grace Ogot kuwa mbunge. Baadaye alichaguliwa na watu wa Gem, na akawa Waziri Msaidizi wa Utamaduni na Huduma za Jamii. Miaka hiyo Ngugi alikuwa uhamishoni, waandishi na wahadhiri walikuwa wanawekwa kizuizini. Mwanafunzi mmoja aliniuliza waziwazi: mwalimu, inakuwaje mwandishi anakaa katika serikali inayofunga waandishi? Nilimjibu kwamba swali lake ni halali, na mimi linaniuma. Sijapata jibu la kunituliza. Ninaloweza kusema ni kwamba nimesoma hadithi zake zote nilizozipata kabla ya miaka hiyo, na humo wenye nguvu hawaonewi haya. Katika hadithi ya Elizabeth, bosi wa ofisi anamharibia maisha msichana aliyemwajiri, na mwandishi hampi bosi yule mahali pa kujificha. Aliyeandika hivyo na aliyeketi serikalini ni mtu mmoja, na sisi tunaomsoma inatubidi tuwabebe wote wawili.

Alifariki Machi 2015 akiwa na miaka 84, na miaka mitatu kabla alikuwa ametuachia tawasifu yake, Days of My Life.

Sasa nirudi jikoni kwa mama.

Nilimwomba anisomee Miaha. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akaketi kwenye kigoda, akafungua. Nilikuwa nimeanza kuijua Dholuo ya sokoni, si zaidi. Alisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari. Kila baada ya ukurasa alisimama na kunieleza kwa Kiswahili. Ni kisa cha jadi. Hapo kale jembe lilijilimia lenyewe. Mtu alilipeleka shambani, na kazi ikafanyika. Mwiko ulikuwa mmoja: usilime kwa nguvu zako. Watu wakaishi hivyo. Kisha boma likapata miaha, Nyawir, na Nyawir akalishika jembe akalima kwa mikono yake. Tangu siku hiyo jembe likakataa. Jasho likaanza.

Nilimtazama mama. Nilidhani atasema, ona, wake wageni ndio walioleta taabu duniani, maana nimeisikia sana tafsiri hiyo. Alikuwa amekinyamazia kitabu, kidole bado kiko kwenye mstari. Akasema, "Mimi nilipoolewa hapa, mwezi wa kwanza, nilikwenda kisimani peke yangu alfajiri. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kufanya kitu kwa mikono yangu. Nilisemwa wiki nzima."

Kisha akaendelea kusoma.

Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 1989 Okoth Okombo, mtaalamu wa isimu, alikitoa kwa jina The Strange Bride, bi harusi wa ajabu, na ni tafsiri ya heshima. Angalieni tu kwamba ilibidi aongeze neno. Kwa Kiingereza bi harusi ni wa siku moja, keki ikiisha naye ameisha, kwa hiyo mtafsiri akaweka ugeni kando yake ili ueleweke. Kwa Dholuo ugeni umo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili nacho kinapwaya hapo: bi harusi ni wa siku ya sherehe, mwali ni wa kabla ya sherehe, na yule wa mwezi wa tatu, anayechota maji huku boma zima likimtazama mgongo, hatuna neno lake moja. Grace Ogot, aliyekimudu Kiingereza kiasi cha kukiandikia vitabu, alikiandika kisa hiki kwa lugha iliyokuwa na neno, na kazi ya kukivusha ikafanywa na mtu mwingine.

Wenzangu wa Kiswahili, The Rain Came ikitafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, sawa, ni jambo jema. Lakini Miaha nataka itoke Dholuo ije Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia London. Nimeanza. Nina kurasa 11, na kwa neno la kwanza kabisa, lile la kwenye jalada, nimebaki hapohapo nilipokuwa wiki ile ya pili jikoni. Kwa sasa nimeliacha lilivyo.

Mama hayupo tena. Nakala yake ndiyo hii. Mkiinusa bado ina moshi. Binti yangu yuko hapa, amesomea Dholuo kwa bibi yake na anaisoma kuliko mimi. Nimemwomba atusomee ukurasa wa kwanza, kwa Dholuo, na sitatafsiri. Wasiojua wasikilize tu kama nilivyosikiliza mimi.

Njoo, mwanangu. Simama hapa kwenye mwanga.